Pamba Shavuni

Baba alikuwa ametoa sharti moja tu: mchumba wangu akionekana amelewa mara moja zaidi, uchumba umekwisha. Mchumba akaapa. Miezi minne akanywa chai mpaka nikaanza kumwamini, mjinga mimi.

Jumapili moja alikuja tupange tarehe ya harusi, saa nane mchana, shavu limevimba, ananuka dawa ya kusukutulia mdomo. Alinyooshea shavu kidole, akaigiza koleo, akaigiza jino linavyong'oka, kisha akainama kwa heshima mbele ya kabati la vyombo. Akavua kiatu kimoja mlangoni, akaingia na kingine. Akakalia mkono wa kochi, akateleza taratibu mpaka sakafuni, kikombe alichopewa kikiwa bado wima mkononi.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi. Mama akasema maskini, sindano za siku hizi kali. Hata baba, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka, alikohoa kuficha tabasamu.

Mimi sikucheka. Mwaka wa sita sasa nafanya kazi kwa daktari wa meno, nashika trei na kuwafuta watu mate. Ganzi hushika mdomo, haishiki miguu. Na pamba ya jino lililong'olewa huwa na damu. Ile iliyochungulia kwenye pembe ya mdomo wake ilikuwa nyeupe, kavu, na ilitoka kwenye mkoba wangu wa kazini. Visa vyote vya wagonjwa nilivyomsimulia ili acheke, kumbe nilikuwa namfundisha.

Nilitegemea hasira. Haikuja. Sikuhisi kitu chochote, kama vile sindano nilichomwa mimi.

Baba akanigeukia. "Mwanangu, hapa mjuzi ni wewe. Ganzi ndiyo humfanya mtu awe hivi?"

Wote wakanitazama. Mchumba naye, pale chini, akaunganisha viganja kuniomba. Nilimpenda hata wakati ule.

Nikapiga magoti, nikamwambia afungue mdomo, kama ninavyowaambia wagonjwa kila siku. Akafungua bila kusita. Nikaitoa pamba kwa vidole viwili, nikaiweka kwenye kisosi mbele ya baba.

Baba aliitazama, akakisogeza kisosi kando, akamwambia mama akusanye vikombe. Mchumba alibaki na mdomo wazi, akingoja nimwambie afunge.