Ndoa Halali ya Twyla Gaskin

Mama mwenye mtoto mgonjwa asivae pete kabla hajauliza ofisi ya bima. Twyla Gaskin aliambiwa, akasikia kwa sikio moja.

Kule Mississippi alikuwa akiishi kinyumba na Delbert, dereva wa malori. Binti yake Josie, mtoto wa miaka tisa, alikuwa na kisukari, na bima ya serikali ya wenye kipato kidogo ilimpatia insulini. Delbert hakuwa babake mzazi, wala hakuwa amemwoa mamake, kwa hiyo mshahara wake haukuhesabiwa.

Lakini Bi Ernestine, mamake Delbert, hakumpa Twyla nafasi ya kupumua. Kila Jumapili, akina mama wa kanisa wakipakua kuku wa kukaanga, alimchoma: "Mpisheni kimada wa mwanangu, ana njaa huyo!"

Siku moja Twyla akamjibu, "Mama, nikiolewa, Josie atatolewa kwenye bima."

"Ati bima! Bima ni Mungu. Au unataka mtoto akue akijua mamake hana haya?"

Wenzake wakaangua kicheko. Juni haikuisha, Twyla akaolewa. Josie alimwaga maua, Ernestine akalia kwa furaha.

Bima ilipohakiki familia upya, mshahara wa baba wa kambo ukaingia hesabuni, Josie akatolewa. Kumwingiza kwenye bima ya kazini kwa Delbert kungemeza pesa ya kodi ya nyumba. Wakasema wajikongoje kwanza.

Kwenye duka la dawa, mfamasia akamrudishia Twyla kadi ya bima. "Hii haifanyi kazi tena, dada. Utalipa taslimu?"

Twyla akaanza kupunja insulini kwenye sindano, ili chupa moja imalize mwezi.

"Mama, mbona siku hizi kidogo?"

"Umekua, mwanangu. Huhitaji nyingi."

Josie akaamini. Akawa anakunywa maji kama mchanga, akakonda, akaanza kutapika. Twyla akampigia Delbert aliyekuwa safarini.

"Nimpeleke hospitali?"

"Bila bima? Watatuuza sisi na lori, mke wangu. Huenda ni tumbo tu. Nisubiri, kesho nafika."

Delbert alifika. Josie hakuamka kumlaki.

Siku ya mazishi Ernestine alikuja na bakuli la makaroni na jibini, akamkumbatia Twyla mbele ya watu.

"Jikaze, mkwe wangu. Angalau mtoto amefia kwenye ndoa halali."

Akina mama wa kanisa wakaitikia, "Amina."