Kamba Isiyoshikwa na Mtu

Zéphirin alikuwa ameahidi kumpatia kaka yake baraka ya mama kabla sombe, mboga ya majani ya muhogo, haijaiva, na sombe ilikuwa inakaribia kuiva kabisa.

Christophe, mkubwa wake, alizamia dhahabu kwenye mto Lualaba miaka minne. Zéphirin alikaa juu akimshikia kamba na kusoma mivuto yake: mmoja, niongezee kamba; miwili, nitoe upesi. Kwa desturi ya nyumba yao, kamba ya mzamiaji hushikwa na ndugu wa tumbo moja tu. Halafu Christophe akapanda pikipiki ya kwenda Kabambare, akavuka ziwa, akafika hadi pwani ya bahari. Leo alituma video ya kazi mpya. Bila neno la mama, alisema, haweki sahihi kwenye mkataba.

Mama Marcelline akaweka mwiko chini, akaitazama simu. Maji meusi kama tako la sufuria. Christophe ananing'inia kwa kamba katikati na taa, na mbele yake vitu vinapita: kimoja utepe wa kioo, kingine mfuko wa shanga za mwanga, na kisamaki ambacho utumbo wake wote unaonekana, kisicho na siri hata kidogo.

"Dhahabu iko wapi?"

"Haiko, mama. Wageni wanashuka usiku baharini kuangalia hivi vidudu, na yeye anawaongoza na taa. Vinapanda toka chini sana, halafu vinarudi."

"Wanavikula?"

"Hapana. Wanaviangalia tu."

"Na Christophe anafika chini?"

"Chini hakufikiki. Ni mbali kama toka hapa hadi sokoni."

Mama akageuka kuangalia upande wa soko la Kasongo, kisha akaangalia ardhi penye miguu yake. "Mutu anashuka usiku mahali pasipo na chini, anarudi mikono mitupu, eti kazi. Weye uliyesoma, nielezee."

Zéphirin, ambaye mtaa mzima haukumshinda kwa utani, akauokota mwiko, akakoroga sombe. Hata yeye hakuelewa.

"Na kamba? Nani anashika?"

Swali hilo ndilo aliloliogopa. "Imefungwa kwenye kitu kinachoelea."

"Kama bidoni ya kuchotea maji?"

"Bidoni kubwa, mama."

"Mutoto wangu wamemufungia kwa bidoni!"

Zéphirin akairudisha video ili mama aone jinsi kaka yake alivyotulia. Ndipo yeye mwenyewe alipoona. Mkono wa kushoto wa Christophe ulivuta kamba. Mara mbili. Ukangoja. Mara mbili tena. Mkono wa Zéphirin uliinuka bila kutumwa, ukavuta hewa.

Akapiga simu palepale. "Yaya, kaka yangu, ulivuta mara mbili! Nini ilikupata?"

"Nilivuta? Hapana, nilikuwa muzima kabisa. Sijui. Pengine mukono umezoea."

"Na hawakukutoa?"

"Nani angejua?"

Mama akainyakua simu. "Christophe, weka sahihi." Zéphirin akaruka kwa furaha. "Ndugu yako anakuja kukushikia kamba," mama akamalizia.

Furaha ikamwishia hewani. "Mama, miye sijui kuogelea!"

"Nani amekuambia uogelee?"

"Lakini bidoni iko—"

"Bidoni ilizaliwa na nani?"

Kwenye simu Christophe alikuwa anacheka, au analia, mtandao ulikatakata. Zéphirin akaviangalia viganja vyake. Ameshinda, au ameshindwa? Sombe ilianza kunuka kuungua, na hakuna aliyeitoa motoni.