Jiwe Nyuma ya Tairi

Kaka yangu Darius alisimama katikati ya mlima, mguu mmoja chini, breki zote mbili kazishika, akatazama mbele na kusema, "Jiwe."

Mimi nilikuwa nyuma yake kwa miguu, baiskeli naikokota kama mbuzi aliyegoma kwenda sokoni. Pumzi ilinipotea tangu mlima wa kwanza, na huu ulikuwa wa tatu. Barabara ilipanda ndani ya msitu, nyembamba, haina hata jani lililoanguka. Bondeni kilionekana kijiji tulichotoka kukipita: mapaa meusi, mnara wa kanisa, ng'ombe wenye mabaka wamelala kwenye majani mabichi. Ilikuwa Eifel, Ujerumani, kiangazi cha mwaka 2018, nami nilikuwa nimetoka Mesquite, Texas, kuja kumuuliza kaka yangu swali moja. Nilikuwa bado sijaliuliza.

Neno lake nililisikia vizuri. Nilichokosa ni kujua analitaka jiwe la nini.

Swali langu lilianzia kwa mtoto. Mwaka uliotangulia mke wangu Amandine alijifungua binti, na hospitali ilitaka jina palepale, tukaandika Bernadette, jina la mama mkwe wangu. Lakini katika ukoo wetu mtoto hupewa pia jina la Kirundi, lake peke yake, na anayelitoa ni babu wa upande wa baba, au mtu aliyesimama mahali pake. Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo, kambini Tanzania, na aliyenilea ni Darius. Kwa hiyo nilimpigia simu nikampa heshima hiyo. Akasema atafikiri, kisha akanyamaza. Nikipiga, hapokei. Nikituma picha, anaziona na hajibu. Mtoto akaota meno, akatambaa, akasimama, na sisi bado tunamwita Bebe.

Mzee Macaire, anayetuongozea sala za Waburundi pale Mesquite, alinivuta pembeni akaniambia kwamba mkubwa akikataa kutoa jina, amemkataa mtoto, na baba yake pia. Sikulala vizuri baada ya hapo. Amandine yeye hakuwa na habari ya kulala wala kulia.

"Usimu-call tena," alisema. "Nenda umuulize usoni kama sisi bado ni ndugu zake. Akisema hapana, urudi. Jina nitampa mwenyewe."

Ndiyo nikapanda ndege. Darius alinipokea uwanjani kwa kunipa mkono, kama mtu anayepokea mgeni wa ofisi, na njia nzima akaniuliza habari za joto la Texas. Nyumbani kwake kulikuwa na kikombe kimoja. Mimi nilinywea chai kwenye bakuli. Mchana alikwenda kazini, kuhudumia wazee katika nyumba ya masista wa Kikatoliki. Ndio waliomtoa kambini, wakamleta huku na kumsomesha kazi hiyo, kabla shangazi yetu hajanichukua mimi kwenda Marekani. Jioni alipika viazi. Kila nilipofungua mdomo nianze hotuba yangu, aliniongezea viazi. Jumapili, tuliporudi misani, nikakuta kitandani kaptula ya kubana na kofia ngumu. Baiskeli alikuwa ameniazimia kwa jirani.

"Twende tukazunguke," akasema. "Tutatokea hapa hapa."

Nilichanganyikiwa kabisa. Nimevuka bahari kutafuta maneno, napewa kaptula. Na Mesquite ni tambarare. Mlima pekee ninaoujua kule ni daraja la juu ya barabara kuu, nao naupanda kwa gari. Mlima wa kwanza ulikata kati ya mashamba ya ngano. Darius aliinuka kitini akaupanda kama mtu anayekwenda kufungua mlango, na wazee waliokaa nje ya nyumba zao walimsalimu kwa jina. Juu kabisa, kwenye kanisa dogo la kando ya njia, alinisubiri, akanipa maji, na kabla sijapata pumzi ya kuuliza chochote, akateremka. Mlima wa pili ulikwenda hivyo hivyo. Nikaanza kuamini kwamba ananiadhibu, ila kosa langu silijui. Nilikuwa na hasira, nilitaka kulia, na nilitamani angalau adhabu yenyewe iwe na maneno.

Halafu huo wa tatu, na hilo jiwe lake.

Zamani, kule Kasulu, Darius alibeba ndizi kwa baiskeli, akizipandisha kutoka vijiji vya bondeni hadi soko la kambi. Mikungu ilifungwa nyuma na ubavuni hadi baiskeli yenyewe haionekani. Mimi nilisukuma kwa nyuma, na jiwe nimelishika kwapani. Baiskeli iliyobeba namna ile haina breki ya kuizuia mlimani. Ukiiachia inateremka na wewe. Akichoka alisema, "Jiwe," nami naliweka nyuma ya tairi na kujibu, "Tayari." Asiposikia neno hilo haachii usukani, hata mikono ikitetemeka. Akilisikia, ndipo anapumua. Uhai wake na chakula chetu vyote alivikabidhi kwa mtoto mwenye kamasi, na hakuwahi kugeuka kuhakikisha.

Lakini baiskeli hii ya Ujerumani unainyanyua kwa vidole. Haikuwa na hata ndizi moja. Nikacheka, nikidhani hatimaye ananitania na kwamba sasa tutazungumza kama watu.

"Jiwe, Egide," akarudia, bila kugeuka. Breki zote mbili alikuwa bado kazishika.

Nikalaza baiskeli ya jirani kwenye nyasi, nikaanza kutafuta. Nchi ile nadhani wanafagia hadi msitu. Nilihangaika huku na huku mpaka nikaona msalaba wa kale ukingoni mwa barabara, wa kumkumbuka mtu aliyekufa hapo, na mawe machache yamepangwa chini yake. Nikafanya ishara ya msalaba, nikamwomba radhi marehemu, nikachukua moja. Nikaliweka nyuma ya tairi la kaka yangu.

"Tayari," nikasema.

Akaachia breki. Mabega yakashuka. Akainamia usukani na kulia bila sauti, na mimi nimesimama pale na kaptula yangu ya kubana, sijui mikono niiweke wapi. Mwishowe niliiweka mgongoni kwake.

"Napanda hapa kila Jumapili," alisema baadaye. "Sijawahi kupumzika katikati."

Ndipo nikamuuliza kwa nini hakupokea simu. Akanieleza kwamba angenisikia namwita Kaka, angetaka kuniambia amechoka na upweke, na mkubwa hamwambii mdogo wake maneno ya namna hiyo. Na jina je? Jina alikuwa nalo tangu siku niliyomwomba. Aliogopa kwamba akishalitoa, nitakuwa nimepata nilichohitaji kwake, na sitapiga tena. Hadi leo nayageuzageuza maneno hayo na hayataki kukaa sawa. Mtu anaacha kupokea simu ili aendelee kupigiwa? Nilimwambia hivyo hivyo. Alifuta pua kwa glavu yake.

"Mwiteni Keza," akasema. Kwa Kirundi maana yake ni mzuri.

Jiwe nililirudisha kwa marehemu. Tuliupanda mlima uliobaki tukizikokota baiskeli zote mbili, kisha tukateremka kati ya mashamba hadi tulikoanzia, kama alivyosema. Nilipofika Mesquite, Amandine alisema jina ni zuri, ingawa yeye angelipata kabla ya chai ya asubuhi. Mzee Macaire alilibariki kana kwamba hakuwahi kusema neno. Na Darius tangu hapo alipokea simu zangu zote. Kupiga mwenyewe, hapana.

Kisha ikaja 2020. Kanisa letu lilifungwa, ila ghala ninapoendesha fokolifti ya kuinulia mizigo halikufungwa hata siku moja. Ule ugonjwa ulikuwa umeingia katika nyumba ya wazee wa Darius; nilijua kwa sababu nilimpigia, na alitaja majina ya waliokwenda, mmoja mmoja, kisha akaniuliza habari za joto. Jumapili moja asubuhi nilikuwa mapumzikoni kwenye maegesho ya ghala, barakoa nimeishusha kidevuni, simu ikalia. Alikuwa yeye.

Hakusalimu. Nilisikia upepo, mnyororo wa baiskeli, na mtu anayehema. Nikamuuliza, "Kaka, uko wapi?" Mnyororo uliendelea kulia. Nikasimama pale nikamsikiliza anapanda. Lydiah, msimamizi wetu, alichungulia mlangoni akagonga saa yake kwa kidole. Nikamwinulia mkono asubiri.

Mnyororo ukanyamaza.

"Jiwe," akasema Darius.

Nikatazama mbele yangu. Lami ilikuwa tambarare, mistari ya manjano, matrela yamepangwa hadi uzioni, na nyuma ya uzio ni tambarare tena, hadi macho yanapochoka. Nikachuchumaa, nikaweka kiganja chini.

"Tayari."

Nikasikia breki zikiachiwa.