Pale Alipokohoa

Fundi cherehani alikuwa akipiga pasi ukosi wa shati la mteja wakati redio ya kinyozi wa jirani ilipoanza ule wimbo. Akaisimamisha pasi, akaenda chumbani kumwangalia mumewe. Wimbo ulipofika katikati, tarumbeta likanyamaza, na kifua cha mumewe kikanyamaza nacho. Tarumbeta liliporudi, mzee akavuta pumzi, akaomba chai.

Ndivyo walivyoishi. Kinyozi akimwona fundi dirishani hubadili stesheni, na wateja wake hawaulizi.

Kisa ni cha zamani. Mume huyo, enzi za ujana wake, alipuliza tarumbeta katika bendi ya dansi, na siku ya kurekodi wimbo ule, katikati, akageuza uso akakohoa. Fundi mitambo akakifuta kikohozi, pengo likabaki, maana bendi nyingine ilikuwa mlangoni inasubiri zamu. Waliojifunza tarumbeta kwa santuri ile wakadhani pengo ni ufundi, wakawafundisha wenzao. Sasa hakuna mpuliza tarumbeta asiyenyamaza pale, wala anayemjua aliyekohoa.

Zamani lilikuwa pengo la kumeza mate tu. Balaa ni Nyota, mpuliza tarumbeta wa siku hizi. Picha zake zimejaa kuta za mji, na pengo amelirefusha mpaka mashabiki wanazimia. Jumamosi alasiri angepuliza uwanjani, redio ikitangaza moja kwa moja. Fundi aliogopa mpaka uzi ukawa hauingii kwenye sindano. Akajifunga kibwebwe, akamfuata Nyota hotelini.

"Mwanangu, pale katikati usinyamaze. Mume wangu hapumui."

Nyota hakushangaa. Alimvutia kiti. "Pole sana, mama. Lakini pale ndipo penyewe. Nikipaziba, nabaki na nini?"

"Ni pake yeye."

"Mama, pale nimepabuni mwenyewe. Muulize yeyote."

Alisema bila hila, na hilo ndilo lililomtia fundi baridi ya mifupa. Mwizi huweza kuona haya akarudisha. Huyu alijua ni chake.

"Basi pafupishe, baba."

"Nitajaribu, mama."

Jumamosi kinyozi alizima redio yake, lakini mtaa mzima ulikuwa umewasha. Fundi akafunga madirisha, akamtia mumewe pamba masikioni. Haikufua dafu. Tarumbeta likanyamaza, uwanja ukanyamaza, mzee akanyamaza. Midomo yake ikageuka kijivu, vidole vikaanza kupoa mkononi mwa mkewe. Fundi aliogopa hata kumwita.

Tarumbeta likarudi. Mzee akavuta pumzi kwa mkoromo, akafumbua macho.

"Kijana anajua," alisema. "Ila anakawia kurudi."

"Nyamaza, mume wangu. Pumua tu."

Kwa majirani, mtangazaji alikuwa akipaza sauti ili ashinde makofi. Alisema hajapata kusikia ubunifu kama ule, na kwamba uwanja mzima umesimama, unataka arudie pale pale, tena parefu zaidi. Nyota akawashukuru mashabiki wake wote, akaanza upya.