Upande wa Pili wa Ramani

"Ilikuwa ya bahari!" Mzee Mwinjuma alifoka, kaikumbatia ile karatasi kifuani kama mtoto mwenye homa. "Tangu jana alasiri ni ya shamba! Umenisikia? Ya shamba!"

"Baba, hiyo ramani si yangu, ni ya Kalpesh!" Sufiani akamjibu.

"Kalpesh analima Kang'ata hii?"

"Halimi!"

"Basi hana neno hapa."

Nje, Simeo wa bodaboda akapiga honi mara mbili. Sufiani alikuwa na begi mgongoni tayari, viatu kashafunga kamba, amesimama katikati ya chumba kama mtu anayekanyaga makaa. Saa sita kamili Kalpesh anaondoka Korogwe na gari lao kwenda Tanga, na jioni boti ya Pemba. Hiyo boti haimsubiri mtu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Sufiani kamaliza form four mwaka juzi, na tangu hapo hajatulia. Kalima mahindi, kapakia mkaa, kaja kupanga nati na bomba kwenye duka la baba yake Kalpesh kule Korogwe. Huyu Kalpesh kajifunza kuzamia Dar, ile ya kubeba mtungi wa hewa mgongoni, na alikuwa anataka kwenda Pemba na washkaji zake wawili. Kanunua vitabu vitatu vya mwongozo, vya Kiingereza, na ramani moja kubwa ya bahari, halafu kusoma hataki. Akamwambia Sufiani: wewe nipangie safari, tunalala wapi, tunazamia wapi, maji yanavuta saa ngapi, na siku ya siku unakuja na ramani mkononi, nakuingiza na wewe majini.

Mwezi mzima Sufiani kakesha na kamusi. Kitabu kimoja kilikuwa cha zamani mno, kinataja nyumba ya wageni ambayo kile kipya hakiijui kabisa. Kingine kinasema mahali fulani panafaa kwa wanaoanza, cha tatu kinasema pale mkondo unabeba watu. Kila vilipobishana, Sufiani aliandika kwa penseli kwenye ramani, pembeni ya zile namba za kina. Akimaliza anaikunja, anaisukuma chini ya godoro.

Sasa jana yeye kaenda Handeni kunyoa. Huku nyuma mtendaji wa kijiji akaja kumaliza ugomvi wa mpaka kati ya Mzee Mwinjuma na jirani yake Mbaruku, ugomvi wa miaka saba. Wakataka kuchora shamba zima, kuanzia mkwaju mpaka korongoni, na karatasi za daftari hazitoshi. Mama Mwaija akakumbuka kuna likaratasi chini ya godoro la kijana, upande mmoja jeupe kabisa.

"Mimi nilijua ni kalenda iliyopitwa," mama alisema sasa, kakaa kwenye kigoda, hamtazami mtu.

"Kalenda, mama? Haina hata mwezi!"

"Si ina bluu? Kalenda zote zina bluu."

Na kweli, upande wa pili mkwaju umechorwa, korongo limechorwa, madole gumba saba yamepangwa chini, na juu yake muhuri wa mtendaji.

"Tukaipige kopi Handeni," Sufiani alisema. "Wewe ubaki na kopi."

"Dole la kopi ni dole? Mbaruku huyu ninayemjua mimi? Kesho tu atasema si lake."

Simu ya kitochi ya Sufiani ikaita. Kalpesh. Sauti ikatoka hadi mama akasikia.

"Oya Sufi, umeshatoka? Ramani usiisahau bana. Bila hiyo mimi na hawa tunazamia kama vipofu, na kwenye gari pamejaa, binamu yangu ananisumbua anataka siti."

"Nipo njiani," Sufiani alidanganya, akakata.

Mzee Mwinjuma akacheka kwa pua. "Njiani! Wewe uliyezama kwenye lambo la ng'ombe ukatolewa na watoto wa shule! Huko chini ya bahari unajua kuna nini?"

Hapo Sufiani akachemka.

"Najua! Ukitoka bandari ya Mkoani unashika juu, kaskazini, kisiwa cha Misali unakiona kushoto. Mwanzo mita tano, kumi, matumbawe tu, unaona mpaka chini. Halafu ishirini. Halafu arobaini, halafu ukuta, unashuka tu, huoni mwisho. Maji yakianza kujaa huingii, unasubiri yasimame. Yakisimama una dakika chache, unashuka na ukuta ukiwa kuliani, unarudi ukiwa kushotoni…"

Aliongea macho kayafumba, mkono unakata hewani. Alipoyafumbua, baba yake alikuwa kalegeza karatasi kifuani. Jana mwenyewe alimtajia mtendaji mpaka wote namna hiyo hiyo, jiwe kwa jiwe, hadi Mbaruku akaweka dole.

"Yote hiyo imo kichwani?"

"Yote."

"Sasa ramani ya nini?"

Sufiani akaitazama ile karatasi. Ramani ndiyo siti. Akifika Korogwe mikono mitupu, na binamu yupo pale na begi lake, huenda wakamcheka wakaondoka. Au akaanza kuongea, wakamsikiliza. Hakujua.

Mzee akaitandaza karatasi mezani, mkwaju juu. Chini, baada ya madole saba, palikuwa na nafasi wazi.

"Hapa ni pako. Mtendaji kasema mrithi naye aweke, asije kukataa mbele ya safari." Akafungua pedi ya wino, akamnyooshea. "Weka, uende."

Sufiani alikiangalia kile kinafasi. Hakikuzidi hata sarafu ya shilingi mia, ila alikiona kama shimo la nguzo. Honi ikalia tena, ndefu, Simeo kachoka.

"Nitaweka nikirudi, baba."

"Pedi nimeazima. Mtendaji anaitaka leo jioni."

"Basi mwambie aje nayo tena."

"Sufiani!" mama akaita. "Chukua japo viazi hivi."

Akachukua viazi, akavitia kwenye begi juu ya vitabu vitatu. Akamwinamia mama, akamwangalia baba, ambaye alikuwa bado kashika pedi wazi mkononi.

Akatoka, ramani kaiacha pale mezani. Mlango ule bawaba ya chini ilishakufa, lazima uunyanyue. Akaunyanyua, akaufunga.