Siku Mwalimu Perusi Alipoandikisha Nyotamkia

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Mwalimu Perusi Chilewa wa Mpwapwa aliota kwamba darubini yake imepata kazi serikalini.

Hakushangaa. Alimkuta darubini huyo amesimama kwa miguu yake mitatu nyuma ya meza, amevaa tai, mbele yake daftari kubwa na muhuri. Ofisi yenyewe ilikuwa darasa la tano B, lile ambamo Perusi alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, ila paa lilikuwa limeondolewa, na huko juu jua na nyota vilikuwa vinawaka pamoja bila kugombana.

"Umekuja kuandikisha nini?" darubini akauliza.

"Nyotamkia," akajibu Perusi, na sauti ikamkwama kidogo.

Alikuwa na sababu. Miaka miwili nyuma alisimama kanisani wakati wa matangazo akasema amegundua nyotamkia, ile inayopita angani ikiburuta shungi la mwanga. Haikupita wiki ikajulikana kwamba alichokiona ni wingu la gesi ambalo wataalamu walilifahamu karne nyingi. Tangu hapo mji mzima ukamwita Mama Wingu. Watoto wa shule walimwita hivyo wakiwa mbali, wakubwa walimwita hivyo wakidhani hasikii. Sasa kwa alfajiri tatu mfululizo, macho yake yakiwa wazi kabisa, alikuwa ameona doa jingine la ukungu juu ya vilima, na kila alfajiri lilikuwa limehama kidogo. Taarifa ya kuwapelekea wataalamu alikwisha kuiandika kwenye simu. Kuituma ndiko kulikomshinda. Hata Dorika, mdogo wake anayeishi naye, hakumwambia neno.

"Panga foleni," akasema darubini.

Foleni ilikuwa ya vitu vyenye ukungu ukungu. Mbele ya Perusi lilisimama wingu kubwa la rangi ya waridi, limejitanda khanga mabegani. Lilipogeuka, akalitambua.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Ni wewe uliyenitangaza kanisani?"

"Ni mimi. Nisamehe."

"Wewe si wa kwanza. Kila mwaka kuna mtu ananidhania nyotamkia. Mimi nimekaa zangu palepale, sijamkosea mtu, naitwa huku kuhojiwa."

Ubaoni kulikuwa kumeandikwa kwa chaki: ANAYEHAMA NI NYOTAMKIA. ASIYEHAMA ARUDI NYUMBANI. MKIA HUKAA NYUMA.

"Umehama?" darubini akaliuliza wingu.

"Sijahama."

"Rudi nyumbani."

Lakini kwa kuwa wingu halihami, ikabidi darasa ndilo liondoke.

Linaondoka. Linaupita Mwezi, linazipita sayari zote bila kusimama hata kwa salamu, kisha linamshusha Perusi mahali penye baridi ambayo hajapata kuisikia, jua likionekana dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kila upande kumelala mabonge meusi kama mkaa. Mengine yana ukubwa wa kijiji, mengine ya mlima.

"Mlete wako," ilisikika sauti ya darubini kutoka mbali. "Nimwone mahali patatu. Akionekana mahali pamoja, hiyo ni bahati. Akionekana mahali patatu, hapo tunaijua njia yake."

Perusi akaligonga bonge lililokuwa karibu, kama mtu anayebisha hodi.

"Namtafuta nyotamkia wangu."

"Umempata," likasema bonge, bila kufumbua macho. "Ila huku bado hatujawa nyotamkia. Huku sisi ni barafu na vumbi tu, tangu jua lilipoumbwa."

"Mbona huna mkia?"

"Baridi yote hii, mkia wa nini? Mkia unaota karibu na jua."

"Basi twende kwenye jua."

Bonge likafumbua jicho moja. "Naogopa, Mwalimu. Kaka yangu alikwenda, akalisogelea mno, likammeza mzima. Binamu yangu alivunjika vipande ishirini na kimoja. Hadi leo hatujapata hata kimoja."

Perusi akakaa juu yake. Alifikiri kumdanganya, akaona aibu.

"Na mimi naogopa," akasema. "Nikikosea mara ya pili, sitaweza tena kupita sokoni."

"Kwa hiyo wote wawili tuna cha kupoteza."

"Wote wawili."

Bonge likafumbua na jicho la pili. "Haya. Nisukume."

Perusi akashuka, akaweka viganja vyote viwili, akasukuma kidogo tu, kama anavyosukumwa mtu aliyesinzia kwenye ibada. Kidogo hicho kikatosha. Bonge lilipoanza kuteleza, akaruka akarudi juu yake.

Wanaporomoka kuelekea jua. Jua lilikuwa njiti, sasa ni sahani, sasa ni mlango wa tanuru. Barafu inaanza kufuka, lakini haidondoki hata tone.

"Mbona huyeyuki?" Perusi anauliza.

"Sina nafasi ya kuwa maji. Napitiliza kuwa mvuke."

Mvuke unawafunika pande zote mpaka wanakuwa taa moja kubwa kuliko dunia. Halafu nyuma yao mikia inachipuka, miwili. Mmoja ni mweupe, wa vumbi, umepinda kama upanga. Mwingine ni wa samawati, wa gesi, umenyooka kama rula ya ubaoni. Perusi anageuka kuitazama, na kifua kinamjaa.

Meza ya darubini iko njiani, imesimama kwenye uwazi mtupu. Wanaipita. Pa! Muhuri.

"Mahali pa kwanza," anasema darubini.

Wakafika karibu kabisa na jua. Ndani ya bonge kitu kikalia kama gogo linalopasuka, na kipande chenye ukubwa wa uwanja wa mpira kikang'oka kikapotea nyuma.

"Umeumia?"

"Usiniulize sasa. Nishike."

Perusi akalala kifudifudi, akakumbatia alichoweza kukumbatia, akafumba macho, akaanza kusema kwa sauti jedwali la kuzidisha kwa kumi na saba, maana hakuna kitu kingine kilichomjia. Alipofika mia tatu na arobaini joto likapungua. Walikuwa wamezunguka. Walikuwa wazima.

Pa! Muhuri.

"Mahali pa pili."

Walipofika meza ya tatu, darubini aliuweka muhuri chini.

"Haiwezekani," akasema. "Mkia uko mbele. Huyu anatembea kinyumenyume. Kanuni inasema mkia hukaa nyuma."

Ilikuwa kweli. Nyotamkia alikuwa analipa jua kisogo, anakwenda zake, na mikia yote miwili imemtangulia kama tochi. Darasa la tano B likawa limejaa ghafla: wingu la waridi lilikuwa palepale, mabonge yamebanana kwenye madawati, na waumini wote wa kanisa la Perusi wameketi nyuma. Mtu mmoja akacheka puani.

Perusi alikijua kicheko kile. Alikisikia miaka miwili. Akashuka, akaenda ubaoni, akachukua chaki, na miaka thelathini na mmoja ikamrudia mkononi.

"Nani ameitunga kanuni hiyo?"

"Sijui," akasema darubini. "Niliikuta."

Akachora jua. Akachora njia iliyopinda kulizunguka. "Mkia wa ng'ombe unamfuata ng'ombe. Mkia huu haumfuati mwenyewe. Mwanga na upepo wa jua ndivyo vinavyousukuma. Akilijia jua, mkia uko nyuma. Akiliacha, mkia uko mbele. Siku zote unalikimbia jua. Na usinisadiki mimi, tazama mwenyewe. Wewe ni darubini."

Darubini akainama. Akatazama. Akarekebisha jicho lake, akatazama tena. Kule nyuma hakuna aliyecheka.

"Ni kweli," akasema.

Akavua tai yake akafutia kanuni ya mkia ubaoni, kisha akapiga muhuri kwa nguvu hata nyota za karibu zikaruka. PA!

"Mahali pa tatu. Njia yake imejulikana. Jina la mgunduzi?"

"Mama Wingu!" mtu akapaza sauti kutoka dawati la mwisho.

"Perusi Chilewa," akasema Perusi, na safari hii sauti haikukwama popote. "Majina yote mawili."

Herufi zikainuka daftarini, moja moja, nzito, zikapanda mgongoni mwa nyotamkia zikakaa. Mabonge yakagonga madawati. Waumini wakasimama. Wingu la waridi likapiga vigelegele virefu bila kusogea hata kidogo.

"Nitarudi baada ya miaka mia nne na kumi na miwili," nyotamkia akamwambia pale mlangoni.

"Sitakuwepo."

"Najua. Ila wataniuliza jina, nami nitawatajia."

Perusi akamkumbatia. Mtu akikumbatia kitu kinachong'aa hivyo hutarajia harufu ya udi, lakini nyotamkia alinuka mayai viza na mkojo wa punda. Perusi hakumwachia upesi.

Aliamka jua limekwisha kuchomoza. Dorika alikuwa amesimama mlangoni, amejiziba pua kwa upindo wa khanga.

"Dada! Humu ndani umemfungia punda?"

"Punda gani?"

"Na mayai viza! Tena hatufugi hata kuku!" Dorika akainama chini ya kitanda, akainuka bila kitu, akaenda kushika komeo la dirisha.

Perusi alivileta viganja vyake puani. Akavinusa. Akavinusa tena, taratibu, na uso wote ukamchanua.

"Usifungue kwanza," akasema. "Kaa hapa, mdogo wangu, nina habari ya kukupa."

Akajinyoosha akachukua simu, na kabla Dorika hajakaa sawasawa, taarifa ilikuwa imekwisha kwenda.