Mama Asiye na Jina na Kamati Iliyokwenda Likizo

Asubuhi ya kwanza ya programu ya utafiti, binti wa mwashi alifika chumba cha kompyuta kabla ya wenzake, akatafuta soketi inayofanya kazi, akaipata ya tatu, akachomeka kompyuta yake na kukaa. Wanafunzi wengine wa chuo walikuwa makwao, wanalala mpaka jua la utosi. Yeye alikuwa ameitoa likizo ndefu yote kwa baiolojia ya kompyuta, yaani kuyasaka maradhi ya watu kwa kupanga na kulinganisha herufi za vinasaba vyao, na hakujuta hata chembe. Baba yake, alipoulizwa mtaani binti anasomea nini, alijibu kwamba anahesabu damu, na tangu hapo watu wakaanza kumpisha njia.

Msimamizi wake alikuwa dada mmoja, mtafiti aliyekuwa akimalizia shahada ya uzamivu. Wote walimwita Kiraka, kwa sababu hapakuwa na programu iliyochanika ambayo yeye hakuweza kuishona. Alimwonyesha binti mafaili, akamwonyesha birika la chai, kisha akamwonyesha viti vilivyopangwa kando ya ukuta.

"Hivyo ni vya wenye sampuli," alisema. "Ukimaliza kupanga herufi za mtu, huwa anakuja. Msalimie, mpe maji, endelea na kazi."

"Wanakuja wote?"

"Waliofariki tu. Walio hai wana shughuli zao."

Mchana wa siku hiyo binti alimaliza sampuli yake ya kwanza, na mzee mmoja mwenye sweta akaingia, akaketi, akauliza kama feni ni ya mapambo. Kesho yake wakaja wengine. Walikuwa watu wasio na makuu. Walizungumza kwa sauti ya chini ili wasiwasumbue wanafunzi, na mtu akisinzia, wa jirani alimwegemeza.

Wiki ya pili binti alifanya kosa ambalo kila mtu wa kazi hii hulifanya mara moja maishani: alipounganisha majedwali mawili, aliteleza mstari mmoja, na taarifa za kila mtu zikamwangukia jirani yake. Asubuhi mzee wa sweta alikutwa ana mimba ya miezi saba, kashika kiuno, analalamika kwamba miguu inavimba. Mwanamke aliyekaa pembeni yake alikuwa akijipapasa ndevu. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Kiraka hakufoka. Alivuta kiti, akapitia kazi mstari kwa mstari pamoja naye, na kumwacha alione kosa kwa macho yake mwenyewe. Walipolirekebisha, mzee alishusha pumzi, akaomba gazeti.

Kuna walimu wanaojua mengi, na kuna walimu ambao ukikosea mbele yao huogopi kujaribu tena. Kiraka alikuwa wa aina zote mbili, na binti alimpenda kwa hilo.

Baada ya hapo akaja mama mmoja wa makamo, mwenye gauni la maua na kipochi kidogo mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeona nini kwenye damu yangu?"

Hakuna mwingine aliyewahi kuuliza. Binti alimweleza kwamba katika jeni inayoongoza mapigo ya moyo, herufi moja si ile inayotakiwa, na moyo wa namna hiyo unaweza kusimama bila kuaga.

"Ndiyo maana nilianguka jikoni," mama alisema. Akafikiri. "Nina wavulana wawili. Mkubwa anacheza mpira kila jioni. Na wao wanayo?"

"Kila mmoja, uwezekano ni nusu kwa nusu. Lakini kuna vidonge, mama. Vinauzwa kila duka la dawa. Shida ni mtu ajue kwamba anavihitaji. Unaitwa nani, tuwapigie simu?"

Mama alifungua mdomo, na halikutoka neno. Jina lake lilifutwa siku alipotoa damu, pamoja na mtaa na namba ya simu, kama kanuni inavyotaka, na tangu siku hiyo hakuwa nalo. Alijitahidi kadiri alivyoweza. Alisema nyumba ina mlango wa kijani na ngazi iliyomeguka. Binti alishukuru, ingawa milango ya kijani imejaa tele.

Profesa aliyeongoza programu, mtu muungwana, aliwasikiliza mpaka mwisho. "Kanuni hiyo inawalinda watu," alisema, na hakuwa amekosea. Majina yalikuwepo hospitalini, yamefungiwa, na wa kuruhusu yafunguliwe alikuwa mmoja tu: kamati ya maadili. Kamati ilikuwa imekwenda likizo. Waliiandikia, na jibu likaja papo hapo, likiwatakia mapumziko mema.

Basi binti akafanya kazi ambayo wenzake waliizungumzia muda mrefu. Aliipima herufi ile kwa kila njia iliyojulikana, akatunga na njia yake mwenyewe, ili kamati itakaporudi isipate hata upenyo wa kusema ngoja kwanza. Profesa alipoiona, alivua miwani, akaisoma tena. Kiraka naye kila asubuhi, kabla hajavua koti, alipita mlango wa kamati na kubisha. Alijua hamna mtu. Alibisha.

"Yule dada yako ana moyo," mama alimwambia binti, akimtazama Kiraka akirudi. Alisema bila kinyongo. Kutwa alikaa akitazama mlango, na jua likianza kuelemea magharibi, saa za mpira, alikishika kipochi kwa mikono miwili.

Siku ya maonyesho ya utafiti wa wanafunzi, mama alisimama kando ya bango la binti. Wageni walimpa mkono na yeye. Jaji mmoja alimwambia, "Hongera mama, data yako ni safi sana." Binti akapewa nafasi ya kwanza. Alifurahi, na akaona haya kwa kufurahi.

Jumatatu zikaletwa sampuli mpya, za vijana waliofariki ghafla. Binti alizipanga kwa mikono mizito. Mlango ukafunguliwa, akaingia kijana mrefu mwenye jezi, jasho bado linamtoka.

Mama alimwona kabla ya wengine. Alikiondoa kipochi kwenye kiti cha pembeni.

"Shikamoo mama," kijana alisema.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Akaketi. Binti alimuuliza jina. Kijana alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama mama yake, na mama akampigapiga goti kumwonyesha kwamba ndivyo ilivyo hapa, atazoea. Alimfuta jasho. Kisha akamgeukia binti wa mwashi.

"Amebaki mdogo wake," alisema.

Kiraka alikuwa ameshasimama. Alitoka, akashika korido, na wote waliokaa kando ya ukuta wakamsikia akibisha hodi.